Programu ya kuandikia miongozo: muundo mkali au maandishi mepesi?

Mwaka jana niliandika miongozo mitatu ya pampu za maji za sola, kila mmoja kwa aina yake ya pampu. Onyo moja, la kuzima umeme kabla ya kufungua kifuniko, nilikuwa nimelinakili na kulibandika mahali 11. Mhandisi alipolirekebisha, nikabadilisha 10. La 11 likachapishwa vilevile lilivyokuwa. Onyo la umeme si mahali pa kukosea, na tangu hapo najua programu ninayoitaka: jambo niliandike mara moja, na nikilibadilisha libadilike kote.

Ahadi hiyo si ngeni. DITA, mfumo uliozaliwa IBM na kuidhinishwa na OASIS, shirika la viwango vya kompyuta, mwaka 2005, umejengwa juu yake. Mwandishi haandiki kitabu kizima. Anaandika vipande, kisha ramani inavipanga kuwa mwongozo huu au ule. Onyo linakaa kwenye faili moja na miongozo yote inalichota hapo. Tena mfumo haukuachii uzembe: kwenye maelezo ya kazi, kila hatua lazima iwe na agizo lake, usije ukalizika ndani ya aya ndefu. Kwa kampuni yenye bidhaa nyingi na lugha nyingi, faida ni kubwa, maana kipande ambacho hakijaguswa hakirudi tena kwa mtafsiri.

Lakini mpe fundi faili hiyo aihakiki. Akikutana na msitu wa lebo za XML, yaani alama za kompyuta zinazozunguka kila kipande cha maandishi, anaifunga, kisha anakutumia masahihisho kwa WhatsApp: picha ya skrini yenye mistari myekundu. Ndiyo maana wengi wamehamia Markdown, njia ya kuandika maandishi ya kawaida kwa alama chache, ambayo John Gruber aliitoa mwaka 2004. Alama ya reli (#) mbele ya kichwa cha habari, nyota mbili kila upande wa neno la kukolezwa, basi. Ukiiweka kazi kwenye Git, programu ya kutunza historia ya faili, kila badiliko linajulikana ni la nani na la lini. Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito, kwa sababu mwongozo ambao haukupitiwa na anayeijua mashine ni wa hatari hata ukipangwa vizuri namna gani. Tatizo ni kwamba Markdown yenyewe haina njia ya kuchota onyo kutoka faili nyingine. Programu nyingi zimebuni nyongeza zake, na ukihama, nyongeza hizo mara nyingi hazihami nawe.

Mimi nauchagua muundo, ila uwe chini kwa chini: fundi aone ukurasa wa kawaida, aandike maoni pembeni, na lebo zibaki kazi ya programu. Akili mnemba nayo naikaribisha kwa kazi ya kunionyesha mahali ambapo miongozo miwili inapingana. Agizo la kugusa umeme nitaliandika mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wabunifu wa programu hizi hawalioni kirahisi, kwa kuwa Kiingereza hakiwasumbui. Wanatushauri tuache nafasi ya jina la bidhaa ndani ya sentensi, programu iijaze. Chukua hii: “Hakikisha kifaa kimezimwa kabla ya kukifungua.” Jaza pampu badala ya kifaa, upate “pampu kimezimwa kabla ya kukifungua.” Pampu imezimwa, unaifungua. Mtambo umezimwa, unaufungua. Jokofu limezimwa, unalifungua. Jina moja likibadilika, sentensi nzima inabadilika nalo, na msomaji akiona upatanisho umevunjika anaanza kuutilia shaka mwongozo wote.

Hili linatibika. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, kwenye mfumo wao wa kutafsiri programu uitwao Fluent uliofikia toleo la 1.0 mwaka 2019, ilimwezesha mtafsiri kuambatisha sifa za kisarufi kwenye jina, na sentensi ikachagua umbo linalofaa. Fluent ni ya maneno ya kwenye skrini, lakini kanuni ni ileile. Programu ya miongozo inayojua kwamba pampu ni ya I-ZI na mtambo ni wa U-I ningeinunua kesho.

Kwa sasa siachi nafasi tupu. Naandika sentensi nzima kwa kila bidhaa, na kabla ya kupeleka kazi kiwandani nazihesabu moja moja kwa kidole.