Camillo Massimo Hakuwa Kardinali Alipochorwa

Wiki iliyopita nilisimama kwa muda mrefu katika jumba la Kingston Lacy, huko Dorset, Uingereza, mbele ya picha ya Camillo Massimo iliyochorwa na Velázquez, mchoraji Mhispania wa karne ya 17. Pembeni yangu mama mmoja alimwuliza mwenzake kwa nini kardinali huyu amevaa buluu, na kabla hajajibiwa wote wawili wakasogea kwenye picha nyingine. Swali lake lilikuwa zuri, na limeniuma kwamba aliondoka bila jibu.

Mtu yule hakuwa kardinali. Velázquez alikuwa Italia kati ya mwaka 1649 na 1651, na Massimo, aliyekuwa na umri wa miaka 30 hivi, alikuwa mhudumu wa faragha wa Papa Inosenti X. Buluu ile ilikuwa vazi la kazi yake. Ukardinali aliupata mwaka 1670, wakati mchoraji alikwisha kufariki miaka kumi kabla. Hata hivyo kitabu baada ya kitabu huiita picha hii ya Kardinali Massimo, na cheo hicho humfanya mtazamaji atafute wekundu wa makardinali usiokuwepo, asimwone kijana aliyeketi mbele yake, mpenzi wa sanaa ambaye baadaye mchoraji Mfaransa Poussin, mikono ikimtetemeka kwa uzee, alimpa picha ya Apollo na Daphne ambayo hakuweza kuimaliza. Siku alipomkalia Velázquez, Massimo hakujua atafika wapi. Kutokujua huko ndiko ninakokuona usoni mwake, na ndiko tunakokufuta kila tunapomvika cheo cha miaka 20 mbele.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba cheo cha mwisho huwasaidia watafiti kumpata. Lakini mwaka 1650, huko huko Roma, Velázquez alimchora pia Juan de Pareja, mtumwa wake, ambaye aliandikiwa hati ya uhuru baadaye mwaka uleule. Hakuna anayetuficha kwamba Pareja alichorwa akiwa mtumwa, kwa kuwa bila kulijua hilo hatuwezi kuuelewa uzito wa heshima aliyopewa katika turubai. Kwa nini Massimo anyimwe haki hiyohiyo?

William John Bankes, aliyeileta picha hii Dorset, angenielewa, naamini. Mwaka 1841 aliikimbia Uingereza kwa kushtakiwa juu ya uhusiano na mwanamume, akaishi Italia akituma mapambo ya Kingston Lacy, nyumba yake ambayo hakuruhusiwa tena kuishi ndani yake, hadi alipofariki Venice mwaka 1855.

Naomba basi wanaochapisha picha hii waandike chini yake: Camillo Massimo, mhudumu wa Papa, aliyefanywa kardinali mwaka 1670. Mama yule angepata jibu lake kabla hajasogea.