Udongo Bure, Njoo Ubebe

Jamani nani alisema udongo hauna bei? Mi namtafuta, nataka nimshike mkono nimpeleke nyuma ya nyumba yangu nimwoneshe kitu, maana huu udongo ukiuhitaji unanunua, ukitaka kuuondoa unalipa tena, na katikati hapo wewe mwenyewe mgongo unakuuma bure.

Ilianza hivi. Bustani yetu ilikuwa imeinuka upande mmoja, mvua ikinyesha maji yote yanashuka mpaka mlangoni, na pale pembeni kulikuwa na kibaraza cha zege cha zamani kimepasuka pasuka hakina kazi. Mama watoto akasema si uvunje hicho kibaraza halafu ushushe ardhi kidogo, nusu mita tu. Hilo neno "tu" ningelijua mapema ningelala. Nikachukua futi kamba nikapima kama mtu anayejua, urefu mita 3, upana mita 2, kina nusu mita, nikazidisha, mita za ujazo 3. Tatu! Nikamwambia mama watoto jumamosi namaliza, hakuniuliza ni jumamosi ya mwezi gani na mimi sikusema.

Sasa nachimba, natupa pembeni, nachimba, natupa, nikigeuka naona lile lundo linakua kwa kasi kuliko shimo. Nikadhani kuna mtu anakuja kuongezea nikienda kunywa maji. Nikampigia fundi mmoja tunayefahamiana, akacheka mpaka simu ikakoroma, akaniambia bosi udongo ukiwa chini umeshindiliwa, ukiuchimba unaingiwa na hewa unavimba, hesabu robo nzima zaidi, na zege ukilivunja vunja linaweza kuzidi hata nusu. Kwa hiyo shimo ni mita 3 ila lundo ni mita 4. Yaani hata nikighairi nikasema narudisha kila kitu kilipokuwa, hakiingii! Nimechimba shimo ambalo ni dogo kuliko udongo wake.

Halafu akaniongezea la uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani 1 kamili, udongo wa ardhini unafika tani moja na nusu hivi, ukilowa unazidi. Kwa hiyo pale nyuma nina tani 4 na nusu. Mimi nina kilo 68. Nilikaa kwenye ndoo nikagawanya, nikapata watu 66 kama mimi, wote wamelala bustani kwangu na hakuna hata mmoja anayeamka kusaidia.

Wazo la kwanza likawa viroba. Nilikuwa navyo vitupu vya saruji, vile vya kilo 50, nikasema naujaza humo taratibu. Cha kwanza nikakijaza mpaka juu nikakishindilia na nikakifunga kamba vizuri, kupendeza kilipendeza, nikainama kukibeba, kikabaki chini mimi nikapanda juu. Nikavuta kwa nguvu, kitako cha kiroba kikaaga dunia, udongo wote ukamwagika kwenye ndala zangu. Basi nikajifunza kujaza nusu. Ila ukijaza kamili lile lundo ni viroba zaidi ya 110, ukijaza nusu unazungumzia 220. Nikapata akili, kila wiki naweka nusu kiroba kimoja kwenye pipa la taka, juu naweka taka za kawaida, nani atajua? Nikapiga hesabu, wiki 220 ni miaka 4 na ushee. Nikasema haina shida, mi sina haraka.

Wiki ya kwanza tu wale vijana wa taka wakaja, mmoja akashika pipa kwa mkono mmoja kama anavyozoea, pipa likamvuta yeye. Akachungulia ndani, akaniangalia, akauliza, "Bosi, hii ni taka au umezika mtu?" Wakaliacha palepale. Wao udongo na zege hawabebi, lile gari lao linashindilia taka, mawe yanaliharibu. Sawa, nimeelewa, lakini kulikuwa na haja ya kunitangazia kwa sauti vile?

Shemeji yangu ana pikapu. Nikamwita, akaja kwa moyo mweupe kabisa, tukapakia, tukapakia, pua ya pikapu ikaanza kuangalia mawinguni na matairi ya nyuma yakalala kama mtu aliyeshiba. Akazunguka gari mara mbili akasema shemeji tupunguze, hii mwisho wake tani 1, ikizidi hapo hata breki na usukani havinisikilizi. Tukapunguza. Tukaenda mpaka dampo, tumefika getini jamaa kachungulia, kachokonoa na kijiti, akatoa kipande cha zege, akatoa mzizi, akatoa mfuko wa plastiki, akasema huu ni mchanganyiko. Kumbe udongo safi una bei yake, zege na tofali safi lina bei yake kwa sababu linasagwa linatumika tena, ila ukichanganya vyote na mizizi na plastiki unalipa bei ya juu kuliko zote, na wanapima kwa tani. Akataja hela. Shemeji akaniangalia, mimi nikaangalia dirishani. Tukageuza gari. Kwa hiyo udongo wangu ulipelekwa matembezi ukarudi nyumbani, na mafuta nikalipa mimi.

Kukodi kontena la wazi waje waliweke getini nikaliulizia pia, nikasema nipe kubwa basi nimalize kwa mkupuo. Hapana! Kubwa ni la takataka nyepesi, ukilijaza udongo gari lao haliwezi kulinyanyua, kwa hiyo wenye udongo tunapewa dogo, na hairuhusiwi kuzidi mdomo. Mfanyakazi mwenzangu alishawahi kukodi, anasema kuliacha nje usiku mmoja tu asubuhi akakuta kuna godoro na friji bovu, udongo wake haukupata nafasi. Nikaachana nalo.

Sasa hapa nitasema ukweli wangu, msinihukumu. Kuna usiku nilipata shetani. Mwisho wa barabara yetu kuna mtaro mkubwa, nikajisemea toroli moja moja kila usiku, nani ataona. Saa 5 usiku nikatoka nimevaa koti jeusi, toroli limejaa, na lile tairi la toroli langu halijawahi kupakwa grisi tangu linunuliwe, likaanza kwiii, kwiii, kwiii. Mchana halilii hivyo! Mbwa wa kwanza akabweka, wa pili akadakia, taa ya jirani ikawaka, jirani akatoka na tochi akanimulika kuanzia miguuni, akapandisha mpaka kwenye toroli.

"Jirani, salama?"

"Salama tu jirani, nanyoosha miguu."

Akamulika toroli tena. Akasema haya usiku mwema. Nikageuza, kwiii, kwiii, mpaka nyumbani. Na afadhali, maana ule mtaro ukiziba maji yanarudi upande wa nani? Upande wangu, kulekule mlangoni nilikoanzia kuhangaika.

Mama watoto akasema kwa nini usitangaze watu waje wachukue bure. Nikapiga picha nzuri, nikaandika UDONGO BURE, NJOO UBEBE, namba ya simu hiyo. Aisee! Simu ikalia siku nzima. Wa kwanza anauliza, "Bei ya mwisho?" Namwambia ni bure kaka. "Sawa nimeelewa, ila mwisho kabisa?" Mwingine anauliza, "Unaleta mpaka kwangu?" Mwingine anauliza kama kuna rangi nyingine. Kuna mmoja alinihoji kama polisi, bure kwa nini, una tatizo gani huo udongo, kuna kitu kimetokea hapo? Na kuna wale wa "bado upo?", ukiwajibu upo hawaongei tena mpaka leo.

Waliofika kwa miguu yao ni wawili. Mmoja alikuwa anatafuta kifusi cha kujazia msingi wa nyumba, akapiga lundo teke kidogo, akainama akaangalia, akasema huu umechanganyika na udongo mweusi, mizizi na majani yakioza humo chini unashuka halafu sakafu inapasuka, mimi nataka kifusi kitupu. Akaondoka. Baadaye akaja mama mmoja wa maua, yeye anataka udongo mweusi mtupu, akaufinya kiganjani, akaunusa, akachomoa pande la zege akaninyooshea. "Mwanangu, hapa nioteshe maua au nijenge?" Akachota kopo moja akashukuru akaenda zake. Nikabaki na tani 4 na nusu kasoro kopo.

Hapo ndo nikaelewa tatizo langu, kwamba kila kilichomo kwenye lile lundo kuna mtu anakitaka, ila hakuna anayetaka vyote kwa pamoja. Na aliyevichanganya ni mimi mwenyewe siku ya kwanza, nilikuwa natupa tu kila kitu sehemu moja, ningeweka mafungu matatu toka mwanzo nisingekuwa naandika haya. Basi nikatengeneza chekeche, fremu ya mbao na wavu wa chuma, nikaliegemeza kwenye mti, unarusha chepe moja kwa juu, udongo unapita nyuma shaaa, mawe yanaporomoka mbele kokoroko. Mweusi natupa huku, mwekundu wa chini natupa kule. Chepe moja, nyingine, nyingine. Wikiendi tatu. Vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye nyusi, nikipiga chafya inatoka matope.

Nilivyopata humo ni pamoja na gololi 9, ufunguo wa kufuli ambalo tulishalivunja kwa nyundo, kandambili nyekundu ya mtoto mguu wa kushoto, na kijiko. Kijiko mama watoto alikipokea, akakifuta kwa kanga, akakitazama pande zote, akasema kumbe ndo hiki, halafu akaingia nacho ndani bila kuniambia hata pole na kazi. Kandambili nikairusha huko kwenye lundo la udongo mwekundu. Kumbukeni hiyo kandambili.

Mafungu yakawa matatu. Zege na tofali nikavigonga gonga vikawa saizi ya ngumi, nikavilaza chini ya njia ya kuelekea getini nikashindilia, hapo nimeokoa hela ya kununua mawe na ya kuyatoa, siku hiyo nilitembea kifua mbele. Udongo mweusi nikaunyanyulia matuta ya maua. Nilitaka niurundike mwingine ukutani na mwingine kwenye shina la mti, fundi akanikemea kama mtoto, eti ukutani unyevu utapanda mpaka ndani rangi ibanduke, na mti ukiufunika shina kwa udongo mizizi inakosa hewa, unakauka. Na akaniuliza kama humo ndani kuna vipande vya yale mabati ya zamani ya asbesto, maana hayo hayavunjwi wala hayachanganywi na kitu, vumbi lake ni sumu kwa mapafu, wanakuja kuyatoa wanaojua. Namshukuru Mungu hayakuwepo, kwa bahati niliyonayo yangekuwepo.

Ukabaki udongo mwekundu wa chini, ule mfinyanzi mzito, kama nusu ya lundo. Nikasema liwalo na liwe, nikaita tipa. Dereva akaja akalitazama lundo kwa jicho moja, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha na turubai sikuweka, akasema, "Mzee wangu huu umelowa, mzigo umeongezeka." Yaani nalipia na maji ya mvua! Tripu ni bei moja ijae isijae, vijana wa kupakia ni hela tofauti, na dampo utalipa tofauti. Nililipa huku nimefumba macho. Tipa ikaondoka na nusu ya mzigo, nikasimama getini nikaipungia mkono, karibu nilie.

Kwenda tu dampo ni nusu saa. Tipa ikarudi baada ya dakika 15.

Nikauliza mbona mapema, akasema barabara leo nyeupe. Nikawaacha wanapakia, nikatoka nje kunyoosha miguu, safari hii kweli. Nikakata kona, nikamkuta jirani yangu yule wa tochi amesimama mbele ya kiwanja chake mikono kiunoni anatabasamu, na mbele yake lundo la udongo mwekundu umelowa. Na juu kabisa ya lundo, imekaa kama bendera, kandambili nyekundu mguu wa kushoto.

"Jirani karibu uone," anasema, "nimehangaika kweli na udongo wa kujazia hapa, leo nimepata kijana kaniuzia bei ya kutupa."

Bei ya kutupa! Nikamuuliza shilingi ngapi, akataja, nikashika ukuta. Nikamwambia jirani huu udongo ni wangu, ndo ule niliokuwa nao kwenye toroli siku ile. Akafikiri kidogo akasema, "Ile usiku ulisema unanyoosha miguu. Ungeniambia ni udongo si ningekufungulia geti?"

Dereva alipokuja na tripu ya pili akatukuta tumesimama pamoja, akashuka akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Tulivyoelewana naye tuyaache, ila sehemu ya hela yangu ilirudi na dampo sikulipa.

Kulikuwa kumebaki kidogo nyumbani, nikamwambia jirani uliobaki chukua bure. Akanikazia macho. "Bure? Kwani huo una nini?" Ikabidi nimpeleke akauone, akauchokonoa na kijiti, akaridhika. Akasema hana cha kubebea, nikamwazima toroli.

Udongo aliumaliza siku ileile. Toroli mpaka leo halijarudi, ila usiku huwa nalisikia.