Kidonge cha usiku kwa mtu anayekesha ziwani

Kwenye maduka ya dawa hapa Mwanza utasikia kwamba wavuvi ni wakaidi. Mtu anapewa Piriton ya mafua au mwasho, anameza siku moja, vilivyobaki anavitupa. Nadhani wanaonewa.

Wanaolalamika hawajakosea kila kitu. Klofeniramini, ndiyo hiyo Piriton, ni dawa ya siku nyingi na mwasho inautuliza kweli. Kwa anayejikuna usiku kucha, usingizi wake ni nafuu. Mhudumu anaandika 1x3 kwenye bahasha, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, na akiwa mwangalifu anaongeza: inalevya kidogo, kunywa usiku.

Sasa mwambie hivyo mvuvi wa dagaa. Giza ndiyo ofisi yake. Likizo yake ni mbalamwezi. Taa zinawashwa, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unavutwa, taa zinahamishwa, hivyo hivyo hadi alfajiri. Anayesinzia hapo amekaa ukingoni mwa mtumbwi unaoyumba, na wenzake macho yote yako kwenye wavu. Kubaki nyumbani nako ni kukosa mgao.

Basi ameze asubuhi akitoka ziwani? Hesabu inakataa. Kidonge cha miligramu 4 humezwa kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa hiyo wengi hudhani saa hizo zikipita kimekwisha. Kwa mtu mzima, nusu yake inaweza kuwa bado mwilini hata baada ya saa 20 hivi. Aliyemeza saa mbili asubuhi anasukuma mtumbwi jioni akiwa bado na sehemu kubwa ya dawa, na kwa 1x3 dawa ya leo inaongezeka juu ya ile ya jana. Tena mikono na akili huweza kuchelewa hata kama mtu hajisikii usingizi. Akiongeza pombe ya kufukuza baridi, ndiyo kabisa.

Dawa nyingine za mwasho, loratadini na setirizini, miligramu 10 mara moja kwa siku, haziingii sana kwenye ubongo, ingawa setirizini huwalaza baadhi ya watu. Kwa mwasho zinatosha. Kukausha kamasi za mafua, hapana.

Dawa za kifafa ni habari nyingine. Fenobabito ikilevya usiiache ghafla, degedege linaweza kurudi. Rudi kwa daktari, na ziwani usiende.

Lakini kwa mafua, mhudumu aulize kwanza: leo unaingia ziwani? Jibu likiwa ndiyo, sioni kwa nini amuuzie Piriton kwa ugonjwa ambao kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10.