Mvua nje, mvua ndani ya gereji

Jamani hivi mafundi wa hapa Kampala nani aliwaambia gereji ya nyumbani haihitaji kuzuiwa maji?? Sebule wanaipiga tailizi zinang'aa, wakifika gereji wanajenga kama banda la kuku. Sakafu inateremkia ndani! NDANI! Mvua ikipiga maji ya uani yote yanapita chini ya mlango wa chuma yanajaa mpaka kwenye matairi, ukimuuliza fundi anakwambia boss weka tu mpira chini ya mlango. Mpira gani utashindana na mteremko? Sakafu iteremkie nje, mbele ya mlango kuwe na mfereji wenye wavu, na hiyo ni kazi ya siku ya kumwaga zege, sio uniambie nikiwa nishahamia.

Halafu mabati. Msumari wanaupiga kwenye bonde la bati, palepale maji yanapopita, badala ya mgongoni, tena bila raba! Linavuja, linashangaza nini?

Machi mpaka Mei tunalowa, tunapumua kidogo, Septemba mpaka Novemba tunalowa tena. Saruji inaganda kwenye mfuko, spana kutu, gunia la posho, yaani unga wa mahindi, ukungu. Wenzangu wa Kira na Najjera, wangapi mnachota maji kwa beseni saa nane usiku? Na wa Bwaise, kule kwenye mafuriko, ndo sitaki hata kuwauliza, poleni sana.

Kabla hujammalizia fundi hela yake mwaga ndoo nzima ya maji hapo mlangoni. Yakiingia ndani, shilingi haitoki.