Kipimo cha shangazi

Kabla ya kurusha ndege yetu, tuliyoichonga kwa ile plastiki nyeupe inayofungashiwa friji, binamu yangu alishikilia kwamba lazima kwanza tukokotoe uwiano wa bawa, yaani urefu wake ni mara ngapi ya upana wake. Yuko mwaka wa pili wa uhandisi, kunguru hapiti bila kupigiwa hesabu. Hesabu yenyewe nyepesi: chukua urefu wa bawa ncha hadi ncha, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa eneo lake. Cessna 172, ile ndege ndogo ya injini moja, ina mita 11 na eneo la mita za mraba 16.2, inapata kama 7.5. Sisi tulitaka 8.

Futi tuliazima kwa shangazi, fundi cherehani. Alikuja nayo mwenyewe, maana futi yake haitembei peke yake. Akainyoosha ncha hadi ncha, akatamka: "79!" Kisha akanirushia nipime kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Nikasoma 25. Bawa ni mstatili, basi inatosha kugawa urefu kwa upana, 79 gawa kwa 25: 3.16.

"Hili si bawa, ni mlango," binamu akasema. Ndege ya abiria ya Concorde ilikuwa na 1.8 hivi, lakini ile iliundwa kuipita sauti. Sisi safari yetu ilikuwa kuvuka ua. Akashika kisu, akalipunguza upana hadi 10. Sasa 7.9. Tukapeana mikono.

Jioni tukairusha. Ikapaa vizuri, hata nikaanza kushangilia. Mara bawa likapinda, ncha zikaitana juu, zikapiga kofi moja, pa! Ikaangukia kamba ya nguo, juu ya gauni la mteja.

Shangazi akaichomoa nusu ya bawa, akaipima palepale. "39 na nusu. Mara mbili, 79. Msije mkanisingizia."

Nusu yenyewe ilikuwa imemfika kifuani. Sentimita 39?

Binamu akaigeuza futi. Upande wa pili: 100. Kumbe bawa lilikuwa sentimita 200, na kwa kisu chake uwiano umefika 20, wa glaida, ndege isiyo na injini, tena bila hata ufito wa kulikaza katikati. Uwiano hauna kizio, hausemi ni inchi wala sentimita. Inchi zilipita humo bila kubisha hodi.

"Shangazi, kumbe ulisoma inchi?"

"Ulitaka nisome nini? Hebu nitajie fundi mmoja anayeshona gauni kwa sentimita. Na hili la mteja mtalifua nyie."