Bizimu moja begani

Ukanda wa hanesi, yaani mikanda inayomfunga mzamiaji na mtungi wake wa hewa, haukatwi. Nimeambiwa hivyo tangu nilipoanza kutumia bamba la mgongoni, lile gumu linaloshikilia mtungi, na mimi pia nimewaambia wengine. Ukanda mmoja wa nailoni, upana milimita 50, unapita kwenye bamba, unapanda bega hili, unashuka kwapani, unazunguka kiuno na kurudi upande wa pili bila kiungo cha plastiki popote. Mtindo huu ulitoka kwa wazamiaji wa mapango ya Florida, na jina lake, Hogarthian, limetokana na mmoja wao, William Hogarth Main. Nauheshimu, na nimeuvaa kwa miaka. Hata hivyo nimeukata wangu upande wa kushoto nikatia bizimu ya kufyatua, kama zile za mkoba wa mgongoni ila nene zaidi, na sioni kwamba nimekosea.

Wanaopinga wana hoja moja kubwa: kila kiungo ni mahali pa kuvunjikia. Ni kweli kabisa. Lakini tujiulize pia: itavunjikia wapi, na ikivunjika kitatokea nini? Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojaa una kilo 17 hivi nchi kavu. Ukiingia nao majini, karibu uzito wote huo unabebwa na maji. Mwanzoni unakuvuta chini kwa uzito usiofika kilo moja, na hewa ikikaribia kuisha unataka kuelea wenyewe. Bizimu basi inateseka unapoinuka kwenye benchi la boti na unapopanda ngazi huku mawimbi yanakuyumbisha. Kule chini imetulia. Tuseme imeachia huko huko chini: bado una bega la kulia, mkanda wa kiunoni na ule unaopita kati ya mapaja. Mtungi utainamia upande mmoja, utakuharibia mlalo wako majini, nawe utapanda juu mapema kuliko ulivyopanga. Lakini mtungi hautakuacha.

Anayezama ndani ya mapango, mwenye mitungi miwili mgongoni na mingine ubavuni, mahali ambapo hawezi kupanda tu juu, ana hesabu yake tofauti. Sibishani naye.

Mimi bega langu la kushoto liliwahi kuteguka. Halirudi nyuma vizuri, na kuvua hanesi ya ukanda mmoja kunataka hasa mwendo huo: kiwiko kirudi nyuma, mkono ukunjwe, uchomolewe. Nikivaa suti kavu, ile isiyoingiza maji, ni vigumu zaidi, maana vali ya kutolea hewa iko juu ya mkono wa kushoto na inanasa kwenye ukanda. Siku moja nilikuwa kando ya boti ndogo isiyo na ngazi, nataka kuvua vifaa niwapandishie walio juu. Mkono uliingia hadi kwenye kiwiko ukakwama hapo. Kila wimbi lililokuja lilinivuta na mtungi pamoja. Mwenzangu alikuja akavuta bamba, akasukuma vali, akavuta tena. Ilichukua muda mrefu, na bega likauma wiki nzima.

Maumivu yalipita. Kilichobaki kichwani ni uso wa mwenzangu alivyokuwa anahangaika. Nilikuwa macho, ninamwelekeza, ninamsaidia kwa mkono wa kulia, na bado alishindwa kunitoa haraka. Je, ningekuwa nimezimia? Watu husema kuna mkasi, atakata. Ndiyo, mkasi upo. Lakini ukanda mnene ulioloa, mkono mmoja wenye glavu, na mkono mwingine unashikilia kichwa cha mtu kisizame? Kwangu mjadala ulikwisha hapo. Bizimu hii inanisaidia mimi, lakini nimeiweka kwa ajili ya yule atakayenivua.

Kabla hujakata, legeza kwanza. Wengi wanaolalamika kwamba hanesi haivuliki wameifunga mno. Kiganja kizima kipite chini ya ukanda kifuani bila kulazimisha, ukiwa umevaa suti utakayozamia nayo. Kuna rafiki yangu aliyekuja akitaka bizimu. Tulimwongezea sentimita tano kila upande, akavua na kuvaa mara tatu mbele yangu, akaenda zake. Hakuihitaji.

Ukiamua kukata, nunua ukanda mpya mrefu zaidi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kukata ule ule wa zamani. Kila upande wa bizimu ukanda lazima urudi ujikunje kwenye kishikizo, kwa hiyo ukapungua, na hanesi ikanibana kuliko mwanzo. Ncha uliyoikata ichome kwa moto mpaka nyuzi zishikane, lakini usiache donge gumu lisilopita kwenye tundu. Kisha loweka yote na uivute kwa nguvu, maana ukanda ulioloa huteleza pale ambapo mkavu ulishika.

Mimi nimeiweka chini ya pete ya kifuani, juu kidogo ya kwapa. Nikining'iniza kitu kwenye pete, uzito wake unapanda moja kwa moja begani bila kupita kwenye plastiki. Nikifyatua, mpira wa kujazia hewa bawa, yaani mfuko wa mgongoni unaonielesha, unaondoka na kipande cha juu, haunivuti shingoni. Ukiishusha zaidi mkono utaifinya kila unapoogelea. Upande wa kulia sikuugusa. Bizimu moja inatosha.

Adui yake mkubwa ni nchi kavu: mtungi uliolazwa juu yake, kiatu, jua la kutwa nzima, mchanga kwenye meno ya bizimu. Naisuuza kwa maji baridi kila nikitoka, naikunja kidogo kutafuta ufa, na yenye alama nyeupe kwenye jino haingii tena majini.

Na kabla hatujazama naushika mkono wa mwenzangu, naupeleka pale: kiunoni kwanza, ili mkanda wa mapaja uachie, kisha hapa, kushoto, chini ya pete. Namwacha abofye mwenyewe, ahisi inavyofyatuka kupitia glavu. Halafu ananifungia.