Aliwahi Kuwa Panki?

Kwetu neno panki liliishia kwa kinyozi, na ukienda Mwanza ukataja mapanki, wenyeji watakuonyesha mifupa ya sangara. Basi niseme mapema: nazungumzia wale vijana wa London wa miaka ya 1970, fulana zimechanwa makusudi, pini za nepi kifuani, nywele zimesimama kama waliopigwa shoti. Nguo zao zinazokumbukwa zaidi zilitoka kwenye duka moja, namba 430 King's Road, la mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood na mwenzake Malcolm McLaren. Kuna wakati duka hilo liliitwa SEX, na jina limebandikwa juu ya mlango kwa herufi kubwa za waridi. Hebu fikiria mama yako akipita hapo.

Aprili 1989, jarida la Tatler lilimweka Vivienne kwenye jalada akiwa amevaa na kujipodoa kama Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati huo. Pembeni wakaandika: "Mwanamke huyu aliwahi kuwa panki." Utani mzuri, lakini mimi nina ugomvi na hilo "aliwahi".

Wanaosema panki akishaonyesha nguo zake Paris amejiuza huwa wanatazama pini. Pini haina shida, kila mtu anaweza kuichomeka. Mwaka 1977 mbunifu mwingine, Zandra Rhodes, alishazipamba kwa shanga na minyororo kwenye magauni ya wenye hela. Mwaka 1994 mwigizaji Elizabeth Hurley akatokea na gauni jeusi la Versace lililoshikwa ubavuni kwa pini kubwa za dhahabu. Zilipendeza, sikatai. Ila hazikumgombeza mtu.

Vivienne yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ushonaji alijifunza kwa kufumua. Alichukua nguo za miaka ya 1950, akaziachanisha mshono kwa mshono aone zilivyokatwa. Fundi yeyote wa mtaani kwetu ameipitia shule hiyo. Jirani yangu mwenye cherehani barazani akipata koti zuri la mtumba haliuzi kwanza. Analala nalo na wembe, analifumua bega, analaza vipande juu ya gazeti na kuvichora kwa kalamu. "Bega ndilo linasema kweli," huwa ananiambia.

Ukiijua hiyo, hata ile suruali yake maarufu ya kipanki unaitazama vingine. Mkanda unaunganisha mguu huu na ule, zipu inapita katikati ya miguu mpaka nyuma. Inaonekana ni fujo tupu, kumbe kuna mtu alikaa akapima. Na panki ilipogeuka sare ya kila kijana, yeye akaiacha. Onyesho lake la kwanza la jukwaani, mwaka 1981, lilikuwa la maharamia, mashati mapana ya karne zilizopita. Mwaka 1987 akaichukua koseti, ile nguo ya kubana kiuno iliyozoea kufichwa chini ya gauni, akaivalisha nje. Ukaidi wake ulikuwa kwenye mkasi, na mkasi alikwenda nao kokote.

Na haukuwa kwenye mkasi tu. Mwaka 1992 alipokwenda kasri la Buckingham kupokea nishani ya Malkia, alitoka nje akajizungusha mbele ya wapiga picha, sketi ikapepea, dunia ikagundua kwamba hakuvaa chupi. Kuna waliosema kukubali nishani ni usaliti. Mimi nasema mtu akikuita kwake ukaenda vile ulivyo, umesaliti nini?

Anapokwama ni kwingine. Alihubiri watu wanunue kidogo, wachague vizuri, wavitunze vidumu, huku kampuni yenye jina lake ikiendelea kutoa mikoba, manukato na hereni kila msimu. Hilo sitamtetea. Ingawa mikoba mingine ilishonwa Nairobi, kwa mpango wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa, kutokana na mabango ya zamani ya barabarani na mabaki ya ngozi, na kauli mbiu yake haikuzunguka: hii si sadaka, ni kazi. Mama anayelipwa kwa mshono wake hana muda wa kuuliza kama Vivienne bado ni panki halisi.

Julai 2020, akiwa na miaka 79, alining'inizwa ndani ya tundu kubwa la ndege mbele ya mahakama ya Old Bailey, suti ya njano mwilini, akidai Julian Assange, mwanzilishi wa mtandao wa WikiLeaks uliovujisha siri za serikali, asipelekwe Marekani. Alijiita kanari, yule ndege mdogo wa njano. Alifariki Desemba 29, 2022. Duka la King's Road sasa linaitwa Worlds End, na saa kubwa iliyo mbele yake ina namba kumi na tatu. Mishale yake inakimbia kinyumenyume.